Kwa kijana wa Busia anayetaka kuacha unesi

Swali

"Salaam Mwalimu. Nina miaka 27, ni nesi wa cheti kwenye kituo cha afya hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Huu ni mwezi wa nne nimepangwa wodi ya wazazi. Juzi mama mmoja aliyeshikwa na uchungu alinitazama akasema, 'Huyu mwanaume atoke.' Nikatoka, wenzangu wakacheka mpaka asubuhi. Mke wangu anauza mitumba, anavuka mpaka alfajiri. Nikitoka zamu ya usiku tunapishana mlangoni. Basi mimi ndiye ninayemwogesha mtoto wetu wa miezi minane, nafua nepi, napika. Majirani wanasema nimelishwa dawa. Baba yangu alipokuja kutoka kijijini Tororo alinikuta bombani na beseni la nepi, akaniambia, 'Sikuuza ng'ombe wangu usome uwe mwanamke.' Tangu siku hiyo sina raha. Nafikiria kuacha unesi nisomee maabara, au nijifunze kuendesha lori kama vijana wenzangu. Hii kazi ni ya wanaume kweli? Na huko nyumbani niendelee au niache?"

Jibu

Mwanangu, kama unaipenda maabara, nenda. Ni kazi ya maana na hospitali haiendi bila vipimo. Kama unakwenda huko kwa sababu umechekwa, baki ulipo. Nimevaa sare hii zaidi ya miaka 30, nusu yake wodini na nusu nikifundisha, na vijana niliowaona wakiikimbia kwa ajili ya kicheko walikikuta kicheko kingine walikokwenda.

Nianze na yule mama, maana katika barua yako yote yeye ndiye mwenye haki ya kwanza. Hakukosea. Mwanamke aliye kwenye uchungu amelala chali, nguo imepandishwa, mlango unafunguliwa na kila apitaye. Anaingia mwanaume asiyemjua, amevaa glavu. Akisema atoke, basi atoke. Hajaudharau unesi wala hajakutukana wewe. Analinda kile kidogo alichobakiza cha kulinda saa ile. Huenda ni dini yake, huenda ni malezi, huenda liko jambo alilowahi kufanyiwa na mwanaume ambalo hatalisema kwa yeyote. Wewe hulijui, na pale si mahali pa kumuuliza. Waliokosea ni waliocheka, pamoja na yule aliyekupanga wodi ile bila kukuonyesha namna ya kuingia.

Acha nikuonyeshe nilivyoonyeshwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi, nilipangwa zamu ya usiku chini ya mkunga mmoja mtu mzima, mama mnene mwenye sauti ndogo. Usiku wa kwanza nilisimama kando ya kitanda na chati mkononi, nikawa namuuliza mama maswali moja baada ya jingine kama karani wa kodi. Mama akageuza uso ukutani. Mkunga hakunigombeza mbele yake. Alikwenda akakileta kile kigoda cha kupandia kitandani, akakiweka karibu na kichwa cha mgonjwa, akasema, "Kaa." Nikakaa, macho yangu yakawa chini ya macho yake. Uchungu ukaja. Mkunga akaniashiria ninyamaze, nisiulize kitu, nimwache mama ashike mkono wangu akitaka. Hakuushika, alishika chuma cha kitanda. Lakini uchungu ulipopita aligeuka, akaniangalia, akataja jina lake kabla sijamuuliza. Nimesoma vitabu vingi vya unesi tangu wakati ule, na sijakutana na ukurasa unaosema kuwa mwanaume aliyesimama juu ya mwanamke aliyelala anatisha hata akiwa na nia njema. Nililijua kwenye kigoda kile.

Kwa hiyo mama akifika, jitaje jina na kazi yako angali amekaa na amevaa. Mwulize hapohapo kama yuko radhi uwe wewe. Swali hilohilo ukimuuliza akiwa ameshavua si swali tena, ni amri iliyovikwa adabu. Kila unapopima njia ya uzazi, awepo mkunga wa kike au shangazi aliyemsindikiza. Usipime peke yako hata mara moja, hata zamu ikiwa na watu wawili tu. Subiri mwenzako anawe aje. Vuta pazia, leso ifunike magoti, mweleze kila unachotaka kugusa kabla hujakigusa. Akikataa, mkabidhi kwa mwenzako bila kununa.

Ukishamkabidhi, rudi kazini, kwa sababu kazi ya wodi ile haiishii kwenye kupima njia. Kuna presha, kuna mapigo ya mtoto ya kusikiliza kila nusu saa, kuna chati ya uchungu ambayo nimeiona mara nyingi ikijazwa baada ya mama kujifungua, jambo linalonikera kuliko kicheko cha wenzako. Kuna sindano ya oksitosini, ya kuzuia mama asivuje damu, ya kuandaa mapema, na ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa uwe mezani, umeshajaribiwa kwenye kiganja chako kwamba unabana vizuri. Mtoto akitoka hajalia, una dakika moja. Damu ya mama ikipita nusu lita na bado inatoka, una dakika chache sana. Uwe hodari wa hayo mpaka wakunga wenyewe wakuite, na kicheko kitajifia chenyewe.

Sasa umeuliza kama kazi hii ni ya wanaume kweli. Nadhani uliposema "kweli" ulikuwa na baba yako akilini, na yale maneno ya "mila zetu." Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza aliyesomea tiba, Robert Felkin, alikuwa safarini Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo. Mahali paitwapo Kahura alishuhudia mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mpasuaji alikuwa mwanaume, na waliomshika mama ni wanaume. Mama alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo, kisha kwa maji, ndipo akashika kisu. Damu aliizuia kwa chuma cha moto. Jeraha alilifunga kwa vijiti vya chuma vilivyochongwa na nyuzi za gome. Felkin alimfuatilia mama siku 11, akaondoka akimwacha yeye na mtoto wake wakiwa hai, na mwaka 1884 akayachapisha aliyoyaona. Sikuambii kwamba kila kijiji cha Uganda kilikuwa na mkunga wa kiume. Wakunga wetu wa jadi walikuwa, na bado ni, wanawake. Nakuambia tu kwamba atakayesema mkono wa mwanaume haujawahi kumzalisha mama katika nchi hii hajui historia yake.

Na katika Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Uganda, wengi wao wasomi wa shule za misheni, waliandikishwa katika kikosi cha tiba, wakapelekwa kwenye mapigano ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Walibeba majeruhi, wakaosha vidonda, wakalisha na kusafisha watu wenye kuhara damu. Baadaye wazee wetu waliwajua madresa wa zahanati, wanaume wa kaptula nyeupe waliofunga vidonda vya kijiji kizima. Hakuna aliyemwambia dresa kwamba amekuwa mwanamke.

Basi huu unesi wa kike ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulikuja melini. Florence Nightingale alifungua shule yake mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas, London, na ilikuwa shule ya wanawake. Aliwapa wanawake wa zama zake kazi ya heshima yenye mshahara, jambo kubwa mno, lakini mlango ulipofunguliwa kwao ukafungwa kwa wanaume. Uingereza ilipopitisha sheria ya kuwasajili manesi mwaka 1919, wanaume waliwekewa daftari lao la pembeni, na hawakuunganishwa na wenzao mpaka 1949. Ukunga ulichelewa zaidi. Huko kwao wanaume hawakufunguliwa mlango huo kikamilifu mpaka 1983. Wamisionari walikuja kwetu na unesi ukiwa katika hali hiyo. Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, na baadaye yeye na mkewe Katharine, ambaye mwenyewe alikuwa nesi, wakaanzisha chuo cha wakunga kwa ajili ya wasichana. Wasichana wale waliokoa roho nyingi na siwezi kusema neno baya juu yao. Lakini pamoja na mafunzo ikaja sare, likaja na jina: sista.

Jina hilo ndilo linalokusumbua, nadhani, kuliko kazi yenyewe. Mgonjwa akimwona mwenzako wa kike anaita "Sista!" Akikuona wewe, mwenye cheti kilekile, anasema "Dokta" au "Musawo," yaani tabibu kwa Kiganda, tena anakaa vizuri kitandani. Umeliona hili, najua. Mwanzoni nililipenda, lilinipoza. Baadaye niliona linamwibia kila mtu. Linamwibia sista aliyenizidi miaka 20 ya kazi, na linaniibia mimi, kwa kuwa kila ninapoitwa daktari nikanyamaza nakubali kwamba nesi ni kitu ambacho mwanaume hawezi kuwa. Tangu hapo natengua papo hapo: "Mimi ni nesi, mama. Daktari atapita saa nne." Fanya hivyo hivyo, bila ukali, kila siku. Mgonjwa hachukui muda kuzoea.

Wewe tena si mpweke kama unavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya manesi mwaka 2020, karibu 90 kwa kila 100 duniani walikuwa wanawake, lakini Afrika ina sehemu kubwa ya wanaume kuliko Ulaya na Amerika. Nenda Butabika, hospitali yetu kuu ya magonjwa ya akili, utakuta wanaume wengi wenye sare. Hapo pia niseme neno. Manesi wa kiume husukumwa huko, na wodi za wanaume, na chumba cha dharura, kwa dhana kwamba wao ni wa kushika wagonjwa wenye fujo. Nimefundisha vijana wenye mikono laini kabisa kwa watoto, wakaishia kuitwa kila mgonjwa anapopiga mtu teke. Nguvu ni msaada, lakini hukusomea ubaunsa. Ukiona unaitwa kwa ajili ya mabega yako tu, sema.

Kuna na upande wa pili, na huu nakuomba uushike sana. Katika kazi za wanawake, mwanaume hupandishwa haraka. Mwanasosholojia wa Marekani, Christine Williams, aliliandika hili mwaka 1992: wanaume wachache wanaoingia unesi au ualimu wa watoto hujikuta kama wamekanyaga ngazi ya umeme, wanapelekwa juu hata wasipotembea. Nimeliona hapa kwetu bila kitabu. Kikao kikikaa, sauti ya mwanaume mmoja inasikilizwa kuliko ya akina mama sita, na wakitafuta msimamizi wa wodi macho yanamtazama yeye. Siku moja utaulizwa kama unataka usimamizi huku mkunga aliyekufundisha amekaa pale pale. Uliza kwanza kwa nini si yeye.

Sasa twende bombani, kwenye beseni la nepi.

Asubuhi ukitoka zamu, kabla hujafika nyumbani, pita kwa yule kijana wa chapati. Kila mtaa wa mji wa mpakani unaye. Saa kumi na mbili ameshakanda unga, ameukata madonge, ameyapaka mafuta na kuyafunika kwa nailoni. Angalia vidole vyake vinavyosukuma donge, linavyozunguka lenyewe juu ya ubao mpaka liwe duara kamili. Anakata kitunguu na nyanya ndani ya kikombe, anapasua mayai mawili, anayamimina juu ya kikaango, anaviringisha rolex yako, yaani chapati yenye mayai ndani, na kukufungia kabla hujatoa hela mfukoni. Ni mpishi hodari. Nchi nzima, kuanzia Wandegeya pale Kampala mpaka hapo kwenu, kazi hiyo iko mikononi mwa vijana wa kiume, na sijasikia mtu akiwaambia wamelishwa dawa. Sasa mwulize nyumbani kwake nani anapika. Nimewauliza wengi. Wanacheka, wanasema, "Mke yuko." Mikono ni ileile, jiko ni lilelile.

Rudi nyuma kidogo. Katika jumba la Kabaka wa Buganda, mkuu wa jikoni alikuwa mwanaume, mwenye cheo chake, Kawuuta. Enzi za Waingereza, nyumba za wakubwa kule Entebbe zilipikiwa na wapishi wanaume, nguo zikafuliwa na kupigwa pasi na madobi wanaume, na yule mtumishi wa ndani aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Mshahara huo ndio uliolipa karo na mahari katika ukoo mwingi, na jioni mtu huyohuyo alirudi kwake akakaa akisubiri chakula.

Ukiyatazama haya pamoja unaona kitu kimoja. Wanaume wa Afrika Mashariki wamepika, wamefua, wameosha vidonda na kubeba wagonjwa miaka yote. Wamefanya hivyo penye mshahara, sare, cheo au mteja. Wanachokwepa ni kazi hiyohiyo pale inapofanywa bure, kwa watu wao wenyewe. Kwa hiyo watu wanaposema mwanaume hajaumbwa kwa kazi ya kulea, sikubaliani nao hata kidogo. Nepi yenyewe haikuwakera majirani zako. Waliokereka wamekereka kwa kuwa hakuna aliyekulipa kuifua.

Wodini kwetu ugonjwa huu unaonekana wazi zaidi. Mgonjwa wa Uganda hulazwa na mtu wake wa kumwuguza: wa kumwogesha, kumlisha uji, kumgeuza, kufua mashuka, kulala chini ya kitanda. Pita wodi yoyote usiku uangalie waliolala kwenye mikeka. Ni mama, dada, binti, mke. Baba mzima akilazwa na ana vijana watano, anayetolewa shule kuja kumwuguza ni msichana. Vijana huja saa ya kutembelea wagonjwa na mfuko wa soda. Watoto wa kike wamepoteza mihula mizima kwa njia hii, na walimu wao wanaandika "mtoro."

Lakini nimeona na jingine, na hili nitakusimulia polepole. Katika wodi ya watoto njiti nilikokuwa nikifundisha, alikuja dereva mmoja wa lori. Mkewe alikuwa amepasuliwa, homa imempanda, hawezi kunyanyua kichwa. Mtoto alikuwa na gramu 1,500, anaenea kwenye viganja viwili. Mashine ya joto ilikuwa moja, ndani yake wamelala watoto wawili tayari. Tulimwambia yule dereva avue shati. Alidhani tunataka kumpima yeye. Tulimvika mtoto kofia, soksi na nepi tu, tukamlaza kifuani mwa baba, wima, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha tukawafunga pamoja kwa kitenge cha mkewe. Njia hii ya kangaruu madaktari wa Bogotá, Kolombia, waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa shida kama yetu, mashine hazikutosha, na leo Shirika la Afya Duniani linaihimiza nchi zote. Ngozi ya baba inafaa kama ya mama. Maziwa tu ndiyo hana, na hayo tuliyakamua kwa mama tukayapitisha kwa kikombe kidogo.

Saa ya kwanza yule mtu hakusogea hata kidole. Jasho lilimtoka, alihema kwa woga kama amebeba bomu. Jioni alikuwa amejifunza kuinuka na kutembea naye. Siku ya tatu alimwambia mwanafunzi wangu, "Sogea, mwanga unampiga machoni." Lori lake lilikuwa limekaa kwenye foleni ya forodha na tajiri anampigia simu. Alikuwa anaizima.

Mwili wenyewe unakubali. Utafiti wa Cebu, Ufilipino, uliotoka mwaka 2011, uliwafuatilia vijana zaidi ya 600 kwa miaka. Waliopata watoto homoni yao ya kiume ilishuka, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea walikuwa na kiwango cha chini kuliko baba wasioshika watoto. Usiogope kusoma hivyo. Si ugonjwa wala si kupungukiwa uume. Ni mwili wa baba unaojipanga kwa kazi iliyo mbele yake, kama wa mama unavyojipanga.

Yako na mafunzo yaliyofanywa karibu nasi. Kule Amuru, kaskazini, akina baba vijana waliwekewa walezi kutoka vijiji vyao wenyewe, watu wanaowaheshimu, wakawa wanazungumza nao nyumbani juu ya mke na mtoto. Rwanda nao walifanya kama hivyo, wakawakutanisha baba na wake zao kwa wiki kadhaa. Pote pawili kupigana majumbani kulipungua, na Rwanda wanaume waliongeza muda wa kazi za nyumbani. Ninayapenda mafunzo hayo kwa sababu moja: hayakuwaambia wanaume wao ni wabaya. Yaliwafundisha kumwogesha mtoto.

Lakini sheria zetu bado zinakuona mgeni nyumbani kwako. Katiba ya 1995, ibara ya 31, inasema kutunza na kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Haikusema wa mama. Kisha Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku nne. Siku nne, mwanangu! Kitovu cha mtoto hakijadondoka. Na hizo nne zenyewe wengi hawaziombi, kwa kuona haya. Mkijaliwa mwingine, ziombe zote, kwa barua, na nakala ubaki nayo.

Kwa baba yako, usibishane naye kwa Katiba. Sikiliza aliyoyasema: aliuza ng'ombe. Mzee ana hofu kwamba mali yake imepotea, kwamba amempeleka mtoto wa kiume mjini akarudishiwa mtu ambaye kijiji kitamcheka, na kicheko kile kitamfikia yeye kwanza. Hofu hiyo inastahili heshima. Mpelekee kitu kutoka kwenye mshahara wako, hata kidogo, umwambie kimetoka unesini. Halafu mkikaa chini ya mti, muulize habari za ndama aliyefiwa na mama yake. Kila mfugaji wa Tororo amewahi kuwa naye. Muulize ni nani aliyeamka usiku kumnywesha maziwa kwa chupa, aliyemfunika gunia wakati wa mvua, aliyemsafisha makalio alipoharisha. Atakusimulia kwa furaha, naye atakuwa anajisimulia mwenyewe. Mwache amalize. Usimwambie, "Unaona sasa?" Mpe tu mjukuu wake amshike, nawe uende kuchota maji, uchelewe kidogo kurudi.

Kuhusu majirani sina maneno mengi. Nepi zianike jua linakopiga, mbele ya nyumba, si nyuma. Watazoea.

Hata hivyo niruhusu nikukosoe jambo moja, maana umeandika kama mtu anayebeba nyumba nzima. Umetaja kuogesha, kufua, kupika. Sawa. Je, ni nani anayejua kwamba sabuni imebaki kipande? Nani anakumbuka mtoto alikohoa juzi usiku, nani anajua nguo zipi zimeshambana? Nimekaa na akina mama wengi ambao waume zao wanafua kweli, na bado wamechoka, kwa kuwa mume anasubiri kuambiwa. Unesi umekufundisha kukabidhiana zamu: mgonjwa huyu amekula nini, amepewa dawa gani, nini cha kuangalia. Pale mlangoni mnapopishana alfajiri, fanyeni vivyo hivyo, dakika mbili, akiwa amebeba mzigo wake wa mitumba. Na liache neno "namsaidia mke wangu." Mimi lilinichukua miaka kuliacha. Husaidii mtu, mtoto ni wako.

Juu ya fedha sitakudanganya. Mshahara wa nesi wa cheti ni mdogo kwa mwenye familia, na wanaume wengi huondoka kwa sababu hiyo wala si kwa sababu ya kicheko. Dereva wa lori anaweza kukupita. Serikali iliongeza mishahara ya watumishi wa afya mwaka 2022, lakini nyongeza haikugawanyika sawa kwa ngazi zote, ndiyo maana nakushauri usikae kwenye cheti. Stashahada ya kujiendeleza ni kama mwaka mmoja na nusu, na shahada ya unesi Makerere imekuwako tangu 1993. Zungumza na mkeo kabla hujajaza fomu, maana ukiwa chuoni mizigo ya mitumba na mtoto vyote vitamwangukia yeye, na lazima mpange ni nani atakayeshika nini.

Jambo la mwisho ni la mwezi ujao. Mtoto wako ana miezi minane. Akitimiza tisa ana chanjo ya surua na rubela. Kadi yake iko wapi? Itafute leo, uiweke kwenye mfuko mmoja na leso, nguo ya kubadilisha na chupa ya maji. Mpeleke wewe. Nenda mapema, benchi hujaa saa mbili, na huenda ukawa mwanaume peke yako. Mfungue mkono wa kushoto, mkumbatie kifuani apigwe sindano akiwa amekuegemea, na baadaye umwangalie homa usiku. Wakikuuliza mama yake yuko wapi, waambie yuko kazini.